Orodha ya Mitungi ya Kinondoni

Asubuhi niliyoondoka kwenye shamba la mkonge sikuwa na safari. Nilikuwa nimetoka kunawa uso, nikaona lori limewashwa, nikamuuliza utingo linakwenda wapi, na kabla hajamaliza kusema Dar es Salaam nilikuwa nimekwisha kukaa juu ya marobota ya katani. Blanketi langu lilibaki kambini. Huenda linamfaa mtu mpaka leo.

Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliacha darasa la tatu, wala si kwa utoro wa kawaida. Mwalimu alikuwa akitufundisha majina ya mito ya Ulaya, na mimi nilitaka kujua maji ya mto wetu yanaishia wapi. Nikayafuata. Niliporudi baada ya siku tisa fimbo ikanipokea, nikaenda kuyafuata tena.

Ninyi mnaoishika kazi hii sasa, mnaowatoa wanafunzi wa sekondari darasani na kuwapeleka kusomea sayansi kwenye visima na mitaro ya watu, mmeniomba niandike niliyoyaona kabla sijasahau. Vyeo na mishahara sitaviandika, maana haviwezi kujaza mstari. Nitaandika zaidi juu ya hofu. Nimefanya kazi nayo muda mrefu kuliko nilivyofanya na mwalimu yeyote.

Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa ya mbu. Serikali ya Mwingereza iliajiri watu wa kupita nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaoishi majini kabla hawajaota mabawa. Nilipewa kaptula ya kaki na kata nyeupe ya bati yenye mpini mrefu, nikakabidhiwa kwa Mzee Songoro aliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye goti bovu.

"Kivuli chako kisikutangulie," aliniambia siku ile ya kwanza, tumesimama juu ya dimbwi. "Kiluwiluwi ana macho ya mwizi. Akiona kivuli, anazama. Simama, hesabu mpaka ishirini, kisha chota kwa ubavu, taratibu, kama unayeiba mchuzi wa mkweo."

Nilichota. Akanionyesha ndani ya kata. Kulikuwa na aina mbili. Wengine walining'inia kichwa chini, mkia juu, wakijinyonganyonga ukiwagusa. Wengine walilala ubapa, wameulalia uso wa maji kama vijiti vidogo. "Hawa wanaolala ndio wenye homa," alisema. "Hawa wanaoning'inia ni kelele tu." Nikauliza nani aliyemwambia. Akasema aliambiwa na daktari mmoja, na daktari aliambiwa na kitabu. Nikauliza tena kitabu kiliambiwa na nani. Mzee Songoro akanitazama, akasema, "Utachoka mapema, wewe."

Sikuchoka kwa kuuliza. Kilichonichosha ni mitungi. Sheria haikutofautisha wa kulala na wa kuning'inia: mtungi ukikutwa na kiluwiluwi, mwenye mtungi anashitakiwa. Nilikuwa nachota kwenye mtungi wa mwanamke aliyetoka kisimani alfajiri, na kama kijidudu kimoja kikijinyonga kwenye kata yangu nyeupe, namwita karani, jina linaandikwa. Pale Kinondoni kulikuwa na Bi Zena, mkunga wa mtaa, aliyekaa mahakamani kutwa nzima kwa ajili ya kiluwiluwi wangu mmoja, na siku hiyohiyo kuna mama alijifungua bila mkunga. Mtoto alipona. Mimi sikupona sawasawa. Tangu siku ile kila nilipochota nilijikuta nainamisha kata kidogo kabla ya karani kufika, halafu nageuka kutazama kama kuna aliyeniona.

Mtu wa namna hiyo hadumu. Niliacha, nikapita kwenye kazi mbili tatu ambazo hazina faida kwenu, kisha baada ya vita vya pili nikapata kazi ya kuosha chupa katika chumba cha sayansi cha shule moja ya sekondari. Mwalimu wa sayansi aliitwa Elinami, kijana kutoka Upare, Mkristo wa kusali kabla ya kuwasha jiko la spiriti. Alikuwa na watoto watatu wadogo na woga wa kufukuzwa kazi uliokuwa ukimtoa jasho kila Mkuu wa shule alipopita dirishani. Mkuu alikuwa Mwingereza. Tulielewana upesi, mimi na Elinami. Waoga hutambuana.

Siku moja nilikuwa nafuta meza huku wanafunzi wakichora mbu kutoka ubaoni. Walichora vizuri sana, mabawa, mrija, miguu sita. Mbu wa kweli akatua kwenye shingo ya kijana mmoja anayeitwa Yusufu, akanywa, akaondoka. Yusufu hakuinua macho. Alikuwa anapaka kivuli kwenye tumbo la mbu wa daftarini.

Darasa lilipotoka nikamwambia Elinami, "Mwalimu, hawa wanachora mgeni wakati mwenyeji anawanyonya."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Unasema tuwapeleke nje?"

"Kinondoni si mbali. Mie najua kuchota."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na naliandika kwa urefu kwa kuwa mtalifanya na ninyi msipoangalia. Nilipenda ile kata yangu nyeupe. Nilipoiacha kazi ya mbu niliondoka nayo, tuseme kwa kusahau. Siku ya kwanza ya kutoka niliibeba begani, nikatangulia mbele ya vijana kumi na sita wenye kaptula za kaki za shule, tukaingia Kinondoni.

Tulipita nyumba kumi na nane. Mitungi yote ilikuwa mikavu, imepinduliwa ukutani. Hatukukuta kiluwiluwi hata mmoja. Elinami alifurahi. Aliporudi alichora ramani ubaoni, nyumba kumi na nane, sifuri kumi na nane, akawaambia vijana kwamba usafi wa wananchi ni jambo la kujivunia.

Mimi nilijua maana ya mitungi iliyopinduliwa. Watoto walituona kwenye njia panda, wakakimbia kupeleka habari, na wanawake wakamwaga maji waliyoyabeba kichwani kutoka mbali. Siku ile Kinondoni walikaa bila maji ya kupikia kwa sababu ya bega langu. Na sifuri zile kumi na nane zilikuwa uongo mtupu uliochorwa kwa chaki nzuri.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Ya tatu nikamwambia Elinami. Akaketi. "Kwa hiyo tulikwenda kupima woga," alisema. Mpaka leo sijasikia mtu akieleza kosa lile kwa maneno machache kuliko hayo.

Tukarudi wawili, mikono mitupu, kwa jumbe wa mtaa kwanza, kisha kwa Bi Zena, maana jumbe mwenyewe alituambia mitungi si mambo yake. Bi Zena alikuwa barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba." Alimjibu Elinami; mimi alinitazama miguu kwanza. "Bwana Kata! Leo umekuja bila mumeo? Umemwacha wapi, yule wa bati?"

"Nimemwacha nyumbani, mama."

"Mwache hukohuko. Na huyu ndiye karani wako mpya? Mbona anatetemeka?"

Elinami akaeleza. Alieleza kama mwalimu, marefu, na Bi Zena alimwacha amalize huku anasuka. Kisha akauliza swali moja: "Mkikuta vidudu kwangu, jina langu linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, mama," alisema Elinami. "Hatutaandika majina."

"Apa."

Elinami akasema dini yake haimruhusu kuapa. Bi Zena akasema dini yake inamruhusu kutomfungulia mlango. Mwisho akakubali neno la Elinami na kiapo changu. Masharti yake yalikuwa haya: watakaochota ni wenye mitungi wenyewe, kwa kata zao za vifuu. Wanafunzi watatazama na kuhesabu. Kila nyumba itajichagulia alama, itachorwa kwa mkaa kwenye daftari, na hapatakuwa na jina. Kisha akaongeza: "Na sie tuna swali letu. Mnataka kujua yenu, mtusaidie yetu. Nyumba za upande wa barabara mpya homa haiishi, kiangazi na masika. Zamani ilikuwa inakuja na mvua, inaondoka na mvua. Mie ndiye ninayezika watoto wachanga wa mtaa huu. Nataka kujua kwa nini."

Nimeshiriki safari nyingi baada ya hiyo, katika shule tatu. Hakuna iliyopata swali zuri kama hilo, na halikutoka shuleni.

Kila Jumamosi tukaenda. Kulikuwa na nyumba ya jembe, nyumba ya kauri, nyumba ya konokono, nyumba ya kinu. Wanawake walichota, wakawacheka vijana walioogopa kuingiza pua ndani ya kifuu. "Tazama, mjomba, haumi huyo, bado hana meno!" Vijana wakajifunza kuhesabu mpaka ishirini kabla ya kuchota. Kwenye mitungi walikuta viluwiluwi wengi sana, na karibu wote walikuwa wa kuning'inia.

Wanaolala walikuwa kwingine. Yusufu ndiye aliyewakuta, kwa kufuata swali la Bi Zena kwa miguu. Kando ya barabara mpya palikuwa na mashimo manne makubwa yaliyochimbwa kutoa kifusi cha barabara hiyohiyo, yakaachwa wazi. Maji hayakukauka humo mwaka mzima. Alichota kata moja, akaita. Tukainama wote. Walikuwa wamelala juu ya maji wengi mno, kama pumba.

Vijana wakapima hatua kutoka kila shimo mpaka kila nyumba, wakauliza nani aliugua na lini. Kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na shimo ndivyo homa ilivyozidi. Ilichukua miezi. Na katika miezi hiyo nikafanya kosa la pili.

Wiki moja ya mvua vijana walichanganya kauri na konokono. Ukichora kwa mkaa kwa haraka vinafanana. Hesabu za mwezi mzima zikaingia mashaka, Elinami akanijia amekunja uso. "Lazima tujue kwa hakika ni nyumba ipi tuliyoirudia," alisema. Alikuwa na haki. Sayansi isiyoweza kurudi ilikopita ni uvumi. Basi nikaketi, nikaandika kwa wino alama kumi na nane, na mbele ya kila alama jina la mwenye nyumba. Karatasi nikamwonyesha Elinami, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kopo la chokaa. Nilijiambia ni karatasi moja tu. Lakini kila asubuhi nilifungua kopo kwanza, kabla ya dirisha, kuona kama bado ipo, na nikiikuta nilitamani isingekuwepo.

Mwisho wa mwaka shule ilifanya maonyesho. Vijana walitundika chati yao: mitungi upande mmoja, mashimo upande wa pili, homa katikati. Akaja Bwana Afya, ofisa wa serikali wa mambo ya afya, Mwingereza mrefu aliyejua Kiswahili cha amri. Aliisoma chati kwa makini, lazima niseme kweli. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko wageni wote. Kisha akaweka kidole kwenye nyumba ya jembe.

"Mtungi huu una viluwiluwi mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Mnajuaje kuwa ni nyumba ileile?"

Elinami, ambaye sijapata kumsikia akisema uongo, akajibu kwa fahari, "Msaidizi wangu anayo orodha, bwana."

Nilimwona akisikia maneno yake mwenyewe. Uso ulimbadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Vizuri sana," alisema Bwana Afya. "Kesho saa mbili nitakuja kuichukua."

Mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa.

Mchana uleule nikaenda Kinondoni na karatasi ndani ya shati, nikiwa na hakika kila baiskeli iliyokuja nyuma yangu ilikuwa ya askari. Bi Zena alikuwa jikoni. Nikamwambia yote: kwamba tuliahidi kutoandika, kwamba niliandika, kwamba inatakiwa kesho. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea majina kumi na nane, la kwake la kwanza. Aliyasikiliza yote kama mtu anayehesabu watu msibani.

"Uliapa wewe."

"Niliapa."

"Na ukaandika kwa wino. Hata penseli hukuiona." Akaichukua, akaisokomeza chini ya chungu cha mihogo. Ikashika moto upesi. Mimi nikashusha pumzi, yeye hakushusha. "Haya. Na vichwa vya wale watoto kumi na sita, navyo tutavitia jikoni?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kila kijana alikuwa anawajua wenyewe wa nyumba angalau mbili, kwa sura na kwa jina. Nilirudi nikimtafuta Elinami. Nilitaka tuwakusanye vijana tuwafundishe la kusema. Elinami alikataa. "Nimewafundisha mwaka mzima kusema walichokiona," alisema. "Siwezi leo kuwafundisha kutokuona." Nilimwona mjinga. Sikuwa na jingine la kufanya.

Saa mbili tulisimama ndani ya chumba cha sayansi. Nikasema karatasi nimeichoma. Mkuu alinitazama kama alama ya wino kwenye shati. Bwana Afya hakukasirika. Aligeuka tu, akaonyesha kijana wa mstari wa mbele. Alikuwa Yusufu.

"Wewe. Nyumba ya jembe ni ya nani?"

Elinami alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilisikia kucha zake kwenye mbao.

Yusufu akasimama. "Bwana, nyumba ya jembe ina viluwiluwi wa kuning'inia, thelathini na mmoja kwa kata tatu. Wa kulala hayupo hata mmoja."

"Nimekuuliza jina."

"Jina tuliahidi, bwana. Neno la shule. Lakini wanaolala wapo kwenye mashimo ya barabara, na mashimo hayana ahadi. Nitakupeleka sasa hivi ukitaka."

Vijana wengine kumi na watano walikuwa wanatazama mbele, na nilielewa kwamba wangeulizwa mmoja mmoja wangejibu hivyohivyo, ingawa hakuna aliyewafundisha. Mkuu alifungua mdomo. Bwana Afya akamwahi: "Twende."

Tulikwenda wote kwa miguu. Yusufu akachota, akiwa amejiweka mahali ambapo kivuli hakikufika majini. Bwana Afya akainama juu ya kata, akatazama, akachota tena mwenyewe, akatazama tena. Hakusema tumeshinda wala tumeshindwa. Aliuliza tu ni hatua ngapi mpaka nyumba ya kwanza, na Yusufu akamwambia.

Kabla ya masika iliyofuata mashimo matatu yalifukiwa. La nne lilisahauliwa, nadhani kwa sababu halikuonekana kutoka ndani ya gari. Bi Zena hakuitwa mahakamani, wala mwingine yeyote wa Kinondoni, kwa ajili ya chati ile. Lakini karatasi ya shule ilikuwa imechomwa, na Mkuu alihitaji mtu wa kuadhibu. Elinami alitaka kusema yeye ndiye aliyeniamuru. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe una watoto watatu. Mie nina mkoba." Akanishika mkono kwa muda mrefu. Kesho yake niliondoka.

Sikuaga Kinondoni. Niliogopa Bi Zena angenishukuru, na pia niliogopa asingenishukuru. Nikavuka mji kwa miguu, nikapita Chang'ombe, na jua lilipoanza kuuma nikafika Temeke. Siku zile palikuwa pageni kabisa, nusu mashamba ya mihogo na nusu nyumba mpya za udongo ambazo kuta hazijakauka, wakaaji wengi wametoka kusini. Nikauliza chumba kwenye nyumba tatu. Kwenye ya nne alikuwepo mama mmoja wa Kimakonde, Mama Pili, anakandika ukuta, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Una kazi gani, baba?"

Ningeweza kusema kibarua. Nilikuwa nimechoka kukunja mambo na kuyatia ndani ya kopo. "Kwa sasa sina, mama. Nilikuwa mtu wa mbu, kisha nikawa mtu wa shule."

"Mtu wa mbu!" Akatupa udongo ukutani. "Sie watu wa mbu hatuwapangishi. Shuleni wamekufukuza kwa nini?"

"Walitaka majina ya wanawake wenye vidudu kwenye mitungi. Sikuwapa."

Akaacha kukandika. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akasogea karibu na kushusha sauti kama jirani anayetaka umbea.

"Kwani walikuwa akina nani?"

"Hilo hata wewe sikuambii, mama."

Akapangusa mikono kwenye kanga, akasukuma mlango kwa bega.

"Pita uone," alisema. "Ukuta wa nyuma bado mbichi, usiuegemee."